Birika Hupakiwa Mwisho

Nilitoka Mombasa kwa treni ya asubuhi, nikapanda ndege Nairobi, nikakaa kutwa nzima katika uwanja wa ndege wa Ghuba ambao sakafu zake niliwahi kuzifagia ujanani, nikapanda ndege nyingine hadi London, na kutoka hapo basi likaniingiza Birmingham, kituo cha Digbeth, giza likiwa limeshaingia ingawa saa yangu ilisema ni alasiri. Sikuwa mgeni wa ugeni. Nilikuwa nimeshaishi Maskati nikipanga magunia na Doha nikipanga vigae, na kila nilipofika nilianza kwa kuuliza bahari iko upande gani. Mtu wa Mombasa akishajua bahari iko wapi, mengine atayajua polepole.

Aliyekuja kunipokea alikuwa Bi Rukia, shangazi ya mke niliyekuwa nimemfuata. Mke mwenyewe alikuwa zamu hospitalini. Bi Rukia alivaa makoti mawili na juu yake akajitanda leso. Nikampa shikamoo yake, kisha nikamuuliza.

"Bahari?" akasema. "Basi ulilojia ndilo lile, lageuza sasa hivi. Rudi ndani."

Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba nimehamia mji ambao kwenda ufukweni ni safari ya kufungia chakula. Habari za ndoa sitazieleza, kwa kuwa mwenzangu naye anasoma Kiswahili. Yatosha kusema ilikwisha kwa heshima, na katika kugawana, yeye alichukua televisheni na mimi nikachukua shangazi. Bi Rukia alinipa chumba cha juu nyumbani kwake, mtaa wa Lozells.

"Kaa kidogo tu," akaniambia. "Nyumba yenyewe naiacha mwakani. Narudi kwetu."

Nikaona nimekutana na mtu wa mpango kama wangu. Mimi pia nilikuwa nimemwahidi mama kwamba nakwenda mara moja na kurudi.

Nyinyi mnaobaki kazini mmeniambia niandike ninayoyajua kabla sijayasahau. Nimestaafu nikiwa na miaka arobaini na kitu. Mgongo wangu ulistaafu mapema zaidi, ila haukuniaga. Vyeo sitavitaja, kwa sababu hapakuwa na vyeo: palikuwa na Farah, halafu palikuwa na sisi wengine.

Farah ni Msomali aliyelelewa Eastleigh ya Nairobi, akapita Uholanzi kwa muda wa kutosha kupata pasipoti na kuzichoka baiskeli, akaja Birmingham na kukodi ghala chini ya matao ya reli pale Digbeth. Kazi yake ni kukusanya mizigo ya Waafrika Mashariki wa mji mzima, kuipanga ndani ya kontena na kuisafirisha hadi Mombasa. Makochi, mafriji, magodoro, mapipa ya buluu yaliyoshindiliwa nguo na sabuni. Siku yangu ya kwanza alinionyesha friji, akaniambia niifunge. Nikaivisha blanketi kuukuu, nikaizungushia nailoni, nikaikaza mkanda, kisha nikasimama kando kama fundi.

"Iko na nini ndani?" akauliza.

"Haina kitu."

"Haina kitu!" Akawageukia wengine. "Kujeni muone huyu. Anapelekea watu wa Mombasa hewa ya Digbeth. Kwani kwenu hewa imeisha, bro?"

Nikaifungua upya. Farah akaniletea viatu vya mteja huyo huyo nivipange ndani ya friji. Ndani ya viatu tukaingiza soksi, na ndani ya soksi tukaingiza vijiko. Tangu siku hiyo sijaweza kuiona droo tupu nikalala vizuri. Kontena ni kama tumbo la mtu aliyeko harusini: hata likijaa, pembeni bado pana nafasi ya sambusa moja.

Mengine niliyojifunza ni haya. Magodoro yasimamisheni karibu na mlango, ili atakayefungua kontena aangukiwe na godoro kabla ya kuangukiwa na friji. Sufuria zitieni moja ndani ya nyingine na gazeti katikati, la sivyo huko bandarini zitatoka zimeoana. Na msiandike juu ya boksi kwamba ndani mna glasi. Kuli wa bandari yoyote duniani akisoma neno hilo mkono humwasha. Andikeni jina la mama wa mteja. Boksi la glasi linaweza kurushwa. Boksi lililoandikwa Mama Zubeda hushushwa kwa mikono miwili.

Mzigo wenyewe msiuhukumu. Bwana mmoja alipeleka Malindi hita ya kupashia chumba moto. Nikamwambia, "Kaka, hita? Malindi?" Akanijibu kwa upole, "Siku moja moja hunyesha." Bibi mwingine kila mwaka hupeleka Mombasa mchele alioununua Lozells, kwa sababu dada zake wanasema mchele wa Ulaya hupikika vizuri zaidi. Na baba mmoja Mkongo alituletea kabati la vyombo la mbao nzito, sote tukalibeba kwa kuhema, yeye akitembea nyuma na kutuhimiza, "Doucement, wandugu, polepole, hii kabati iko na adabu kuliko miye." Ilibidi kabati literemke Mombasa, livuke nchi baada ya nchi kwa lori, hadi Lubumbashi, likasimame katika nyumba ambayo bado haikuwa na paa.

Hilo ndilo jambo lililonishangaza kuliko yote, mpaka nikalizoea, ambapo ndipo hatari inapoanzia. Vitu vizuri vya wateja wetu viko kule, na wenyewe wako huku. Ukiingia nyumba ya mtu wetu Birmingham utakalishwa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kochi lake liko Kisauni, Mombasa. Pazia lake liko Kisauni. Anakula kwa sahani ya plastiki, na seti ya vyombo yenye maua ya dhahabu imelala Kisauni ikimngojea. Ukimuuliza atakwambia anarudi mwakani.

Lakini msimuulize. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya kazi yetu, nami niliijifunza kwa njia mbaya. Tulikwenda Stechford kuchukua vitu vya nesi mmoja Mkisii, mama mchangamfu, na katika kubeba godoro nikamuuliza kwa nia njema, "Sista, na wewe mwenyewe unarudi lini?"

"Mwakani, Mungu akipenda," akasema.

Binti yake alikuwa ameketi kwenye ngazi. Kiswahili anakisikia vizuri, ila hujibu kwa Kiingereza. Akamuuliza mama yake wanarudi wapi, maana yeye yuko nyumbani tayari. Nesi akasimama. Akalitazama godoro, akaitazama ngazi. Halafu akatuomba turudishe kila kitu ndani, hata mapipa.

Tulipofika ghalani Farah alinivuta kando.

"Mteja haulizwi anarudi lini," akasema. "Ukimuuliza, anaanza kufikiria. Akifikiria, anashusha mzigo. Sasa sisi tutakula nini?"

"Na nitajuaje anayeondoka kweli?"

"Angalia birika la umeme. Mtu anaweza kutuma kitanda na alale chini. Anaweza kutuma hata mlango. Lakini hajatuma birika, bado anakunywa chai hapa. Birika hupakiwa mwisho. Likiingia kwa boksi, huyo ameenda."

"Umeshapakia mangapi?"

Akacheka. "Ya watu wetu? Bado nangoja la kwanza."

Nyumbani kwa Bi Rukia palithibitisha maneno yake. Nilipohamia palikuwa na meza ya kulia, ikaenda. Kabati likaenda, zulia likaenda, mapazia yakaenda tukabaki tukiwasalimu majirani kupitia dirisha tupu. Kila mwaka alinunua kitu kipya, akakitazama kwa siku kadhaa, akanikabidhi nikifunge. Lililobaki jikoni bila kuguswa ni birika lake jekundu.

Nami sikuwa bora kuliko wateja. Kule Mtwapa nilimjengea mama nyumba, chumba baada ya chumba, na mwaka nyumba ilipokwisha nilinunua kochi la ngozi rangi ya kahawa. Nililikalia mara moja, dukani, muuzaji akinisimamia. Kisha nikalizungushia nailoni kwa mikono yangu, kazi ambayo hata Farah aliipiga picha, na kulipeleka. Mama akaliweka sebuleni likiwa limefungwa vile vile.

"Mwanangu, kochi lako lalia," aliniambia kwenye simu.

"Lalia vipi?"

"Upepo ukipita, nailoni yalia. Wageni nawakalisha mkekani, walitazama kama jeneza la mkubwa."

"Likate nailoni ukae, mama. Nimekununulia wewe."

"Silikati. N'talikata siku umeshapanda gari la kuja, si kabla. Mtaa huu mzima tuna makochi yaliyofungwa na watoto waliofunguliwa." Akaendelea, "Tena nalitazama lile, naliona lina kina. Magoti yangu sasa wayajua. Njoo tulikalie ningali na uwezo wa kuinuka."

Nikamwambia mwakani. Maneno hayo yalinitoka kwa ulaini ambao mwenyewe uliniogopesha. Nilikuwa nimewasikia wateja wakiyasema kwa sauti ile ile.

Mambo yangeendelea hivyo kama si Keith na Maureen. Hao ni Waingereza wa Stechford, mume na mke waliostaafu, majirani wa mteja wetu. Waliliona gari letu nje wakaja kuuliza kama tunaweza kupeleka vitu vyao Meksiko, katika mji mmoja wa pwani ambao walikuwa wameutembelea kwa likizo, mara moja tu, wakaupenda. Farah hajawahi kukataa mzigo. "Bahari ni moja," akaniambia. Akamuuliza Keith wanaondoka lini. Mteja wa Kiingereza haogopeshwi na swali hilo.

"Alhamisi," akasema Keith.

Farah akafikiri hajasikia vizuri. "Alhamisi ya mwaka gani?"

"Hii hii. Keshokutwa."

Tuliwafungia nyumba yote. Keith alikuwa mtu wa maneno mengi, na nilipokuwa nikilivisha nailoni kochi lao la maua alinieleza kwamba sasa yeye na mkewe watakuwa expats. Nikamuuliza kama ndiyo sawa na kuwa immigrant. Akashtuka kana kwamba nimemtajia ugonjwa.

"Hapana, hapana. Immigrant ni mtu anayekwenda kukaa nchi ya watu."

"Na wewe?"

"Mimi naenda kuishi Meksiko."

Nikamshukuru. Kwetu tuna neno mgeni tu, na tunalitumia kwa wote, jambo linalookoa muda.

Nyumba ilipobaki tupu, Maureen akatupikia chai, tukainywa tumesimama. Akaviosha vikombe, akaligeuza birika kumwaga maji yaliyobaki, akalifuta kwa kitambaa na kumkabidhi Farah. "Hilo ndilo la mwisho, bab," akasema, akitumia neno ambalo watu wa Birmingham humwitia yeyote wasiyemjua jina. Farah alilipokea kwa mikono miwili. Lilikuwa bado lina moto.

Njiani hakufungulia redio.

"Umeona?" akasema hatimaye.

"Nimeona."

"Kumbe inawezekana."

Baada ya hapo Keith akawa ananitumia ujumbe, kwa kuwa mimi ndiye mtu wa pwani aliyemjua. Mwanzo zilikuwa picha za machweo. Kisha yakaanza malalamiko. Wenyeji hawafiki kwa wakati. Fundi alisema kesho, na kesho hiyo hawakuwa wameielewa kwa namna moja. Friji ilikuwa inaota kutu. Nikamwelekeza apake mafuta kwenye bawaba na aisogeze mbali na dirisha, kama afanyavyo mama. Waingereza wa huko walikuwa na chama chao, kila Jumapili wakila viazi vya kuoka chini ya feni na madirisha yamefungwa, ili waonje kidogo hali ya nyumbani. Keith alikuwa amejifunza maneno mawili ya lugha ya pale, asante na bia, na alikasirishwa sana na wageni wapya wanaomiminika mjini bila kujifunza lugha.

Halafu akaniomba nimtumie majani ya chai. Halafu unga wa mchuzi. Halafu hita ndogo.

"Hita?" nikamwandikia.

"Jioni huwa na kaupepo," akajibu.

Nilicheka mpaka Bi Rukia akapanda juu kuja kuona nina nini. Nilimwambia Waingereza nao ni watu wetu, ila wao huitwa kwa jina zuri zaidi.

Kicheko kilikatika siku alipotuma picha ya kochi. Lilikuwa lile la maua, nililolifunga mwenyewe. Halikuwa na uzi wa nailoni. Mkononi lilikuwa na doa kubwa jekundu la mchuzi. Watoto wa jirani walikuwa wamepanda juu yake na viatu, mbwa asiye wa mtu alikuwa amejikunja pembeni, na katikati yao Maureen alikuwa amelala, mdomo wazi. Nililitazama jambo hilo nikiwa nimeketi juu ya ndoo, Lozells.

Nikamwonyesha Bi Rukia.

"Wameliharibu!" akasema. "Kochi zuri vile!" Akaisogeza simu karibu na macho. "Na mbwa pia!" Alikaa nayo muda mrefu. Aliponirudishia, alisema kwa sauti nyingine, "Yeye alala zake tu. Wala hajali."

Mwaka huo huo matao yetu ya Digbeth yaliuzwa, na vijana wenye ndevu nzuri wakafungua mahali pa kahawa na maonyesho. Niliingia siku moja. Ule mnyororo wetu wa kuinulia mizigo walikuwa wameuning'iniza darini na kuutundikia taa, na kando yake pana kibao kinachosema mambo ya historia. Nilikunywa kahawa chini ya mnyororo ulionivunja kidole, na kahawa yenyewe ilikuja katika kikombe kisicho na mkono. Farah alikuwa ameshapata ghala jingine upande wa Stechford, ndilo hilo mlilomo nyinyi.

"Hapo mgongo wako utapumzika, nitakuwekea mashine," akaniambia.

"Farah, mimi naenda."

Alikuwa akikunja blanketi. Akavunja sheria yake mwenyewe. "Lini?"

"Alhamisi."

"Ya mwaka gani?"

"Hii."

Akaendelea kulikunja lile blanketi mpaka likawa dogo kuliko linavyotakiwa.

Alhamisi asubuhi alikuja Lozells kunichukua. Vitu vyangu viliingia katika begi moja, kwa kuwa vingine vyote vilishanitangulia. Nilikuwa na birika langu dogo la chumbani; nikalishusha, nikachemsha chai ya mwisho, tukainywa watatu tumesimama, kama kwa Maureen. Nikalifuta. Farah akalipokea kwa mikono miwili, akalifunga taulo, asiseme mzaha wowote, jambo lililonitisha.

Ndipo Bi Rukia akaingia jikoni. Alitoka amelibeba birika lake jekundu, amelifunga leso.

"Na hili. Mpe mamako aniwekee."

Farah alishika ukuta. "Bi Rukia! Sasa utapikia nini chai?"

"Chai n'takwenda kunywa kwetu."

"Lini?"

"Farah," akasema Bi Rukia, "nenda kawashe gari."

Alinikumbatia mlangoni, akaniambia nile njiani, akafunga mlango kabla sijafika garini. Tulikwenda hadi Digbeth, mabirika mawili yakiwa mapajani pangu. Farah alirudia mara kadhaa, "La kwanza, wallahi. La watu wetu la kwanza." Tulikuwa tumesimama kituoni tukingojea basi la uwanja wa ndege simu yangu ilipolia.

"Mwanangu," alisema Bi Rukia, "lile duka la pembeni liuzalo mabirika lafungua saa ngapi?"

"Bi Rukia!"

"Dogo tu. La kungojea."

Farah alisikia. Alicheka hadi akakaa juu ya begi langu, akifuta macho kwa mkono wa koti. "Biashara iko!" akasema. "Biashara bado iko!" Kisha akasimama, akanipa mikono yote miwili kama anayepokea mzigo wa mtu anayemheshimu. "Enda, bro. Enda kabla sijakupa kazi."

Basi lilipotoka kituoni nikampigia mama.

"Umo wapi?"

"Nimo ndani ya basi, mama."

"Lenda?"

"Lenda."

"Nisikilizishe."

Nikainama nikaiweka simu karibu na sakafu, injini ikanguruma. Mwanamke aliyekaa kando yangu akavuta miguu yake. Nikairudisha simu sikioni. Mama akasema, "Ngoja." Nikasikia kandambili zikienda, droo ikifunguliwa, kandambili zikirudi. Halafu nikasikia mkasi ukiingia katika nailoni, mchano mrefu, kutoka mwisho huu wa kochi hadi mwisho ule, ukifuatiwa na sauti ya mtu anayeteremka polepole, na pumzi ya ngozi iliyokaliwa.

"Lina kina kweli," akasema mama. "Basi fanya haraka. Mimi hapa siinuki tena mpaka uje uniinue."